Mtoto Aliyefutwa Pua Mlangoni

Palikuwa na mama mmoja, mdomo wake haukujua kufungwa. Msigeuke kutazamana, akina mama, nisikilizeni mimi.

Jirani yake alikuwa binti mwenye mtoto mdogo wa kiume, na tundu moja la pua ya mtoto yule lilichuruzika kutwa kucha. Si kamasi. Maji mepesi, maangavu.

Mama yetu akambandika jina. "Bomba hilo linakuja!" aliwaambia wanawake kwenye foleni ya maji. "We binti, hata kitambaa huna? Unalea au unaloweka?" Wanawake wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Utamu wa kuchekesha watu si mnaujua?

Mtoto akaja kushikwa na homa, shingo ikakakamaa. Mama yetu akajitanda kanga, akamsindikiza binti hospitali. Kwa huruma? Kidogo. Zaidi alitaka kuwa wa kwanza kurudi na habari.

Daktari akaitazama ile pua. "Haya maji yalianza lini?"

"Tangu anatambaa."

"Haya si mafua, dada. Ni maji ya ubongo. Mfupa wa juu ya pua una tundu, maji yanashuka na vijidudu vinapanda. Tutatibu hii homa ya uti wa mgongo, kisha tutapitia humo humo puani tulizibe. Lakini kliniki si ulikuwa unampeleka? Hawakuona?"

Binti akainama. "Nilikuwa namfuta mlangoni, daktari. Namziba na pamba. Naogopa kuchekwa."

"Na nani?"

Mama yetu akajivuta kanga usoni. Akasubiri jina lake litajwe.

"Na watu tu," binti akasema. Kisha akamgeukia. "Mama, nishikie mtoto nivue kanga nimfunike."

Akampokea. Yale maji yakamdondokea mkononi, asithubutu kuyafuta.

Tundu lilizibwa, mtoto akapona. Siku ya kurudi nyumbani mama yetu alisimama uani, akamwita kwa jina lake la ubatizo, mara ya kwanza. Mtoto hakugeuka. Akaita tena, kwa nguvu. Ile homa ilikuwa imeshachukua masikio yote mawili.

Haya, sisi tuliokaa humu kanisani na vitambaa vyetu vyeupe kichwani. Msamaha aliotaka kumwomba mtoto yule angeupeleka wapi? Na ni nani leo anaumwa, anatuficha, si kwa kuwa hospitali iko mbali, bali kwa kuwa sisi tuko karibu? Tuone haya, jamani. Tuone haya mapema, mtoto angali anasikia.