Siku Pimbi Alipoacha Jiwe la Kusagia

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na ugomvi wa majirani kama sisi, Pimbi alikuwa msagaji nyumbani kwa Kifaru, mkuu wa mji.

Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo, hana mkia, na hapendi kitu duniani kama kujinyoosha juu ya jabali akaota jua. Basi huyo ndiye aliyefungiwa ghalani kutwa nzima akisaga mtama. Kru-kru, kru-kru! Dirisha hakuna, vumbi la unga limemjaa puani. Chya! Chya!

Unga wake ulisifiwa kila nyumba. Lakini alirudi kwake giza limeshaingia, watoto wamesinzia. Siku moja kitinda mimba wake alifumbua jicho, akamwona mama mweupe pepepe kwa unga, akauliza, "Baba, mgeni huyu ni nani?"

Maneno hayo yalimchoma Pimbi. Kulipokucha alimwambia mumewe, "Baba Tunu, nimeacha kusaga. Nataka kazi ya ulinzi, pale jabalini."

"Mlinzi hupewa nusu ya chakula cha msagaji, mama Tunu."

"Nusu hiyo tutaila pamoja, juani."

Mumewe akacheka. "Haya, nenda. Lakini Kifaru atakubali?"

Hapo ndipo penye kazi. Ulinzi waliushika Kifaru mwenyewe na rafiki yake Nyati. Walikaa chini ya jabali wakikoroma, khoroo, khoroo! Na jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka ni kwamba Kifaru hakuona mbali kuliko pembe yake, na Nyati alimzidi kidogo tu. Kiangazi kilichopita moto wa nyika uliteketeza nyumba tatu kabla hawajainuka.

Pimbi alipopeleka ombi lake, Kifaru alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Ho! ho! ho! Wewe, usiyefika hata kwenye goti langu? Ulinzi unataka macho ya wakubwa. Rudi kwenye jiwe lako!"

"Sawa, Bwana," akasema Pimbi. Akainama kwa adabu. Moyoni alikuwa ameshapata la kufanya.

Siku ya baraza wanyama wote walikusanyika chini ya jabali. Pimbi akapanda, paru-paru-paru, mpaka kileleni. Akapiga kelele:

"Tobaa! Bwana Kifaru, wageni wale bondeni! Umewaona?"

Kifaru hakuona hata bonde. Lakini mji mzima ulikuwa unamtazama. "Nimewaona kitambo!"

"Ni twiga, au macho yangu ya kitoto yananidanganya?"

"Twiga hasa!"

"Wangapi, Bwana?"

Kifaru akakunja uso, akakodoa. "Saba!"

Nyati hakutaka kupitwa. "Saba wapi! Kumi na mmoja, na wa mbele amevaa kilemba!"

"Kilemba? Una wazimu! Yule ameshika mwavuli!"

"Kilemba!"

"Mwavuli!"

Walibishana hadi mapovu yakawatoka. Kanga akachoka kusikiliza. Akaruka, prrrr! Akazunguka juu ya bonde, akarudi. "Jamani, kule hakuna twiga. Hakuna hata sisimizi."

Wote wakamgeukia Pimbi.

"Ni kweli," akasema Pimbi. Hakushuka. "Hakukuwa na mgeni yeyote, wazee wangu."

Kifaru akainamisha pembe. "Umenidhalilisha, kidudu wewe!"

"Niadhibu, Bwana, ni haki yako. Ila nijibu kwanza: moto ukija tena, nani atauona?"

Akatokea Bibi Kobe, mmoja wa waliounguliwa na nyumba. "Mimi niliona moshi tangu uko mbali," akasema polepole, "ila kufika kwenu ndiko kulikonishinda. Mpeni Pimbi ulinzi."

"Mpeni! Mpeni!" wanyama wakaitikia.

Kifaru akatazama huku na huku, asipate wa kumtetea. "Na mtama wangu utasagwa na nani?"

"Kusaga kunataka nguvu, Bwana," akasema Pimbi. "Nguvu mnazo nyinyi wawili. Na kule ghalani ni giza, hamtahitaji macho."

Wanyama walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo jiwe lilisukumwa na Kifaru na Nyati, kwa zamu.

Hata mwezi haukuisha. Adhuhuri moja, Pimbi amelala kifudifudi juani na wanawe watatu ubavuni, akaona uzi wa moshi upande wa magharibi. Kwiii! Kwiii! Akaita kwa sauti kali, mji mzima ukatoka na matawi mabichi na vibuyu vya maji. Moto ukazimwa nyikani. Haikuungua nyumba hata moja.

Kifaru alikuja akitweta, unga umemjaa masikioni. Chya! Akasimama chini ya jabali, akainua kichwa chake kikubwa.

"Shikamoo, mlinzi wetu," akasema.

Pimbi akavimba kwa fahari, manyoya yakasimama, akawa kama mara mbili ya alivyo. "Marahaba, Bwana!"

Wanangu, hadithi inatufunza hili: chagua kazi unayoiweza, ikuachie na nafasi ya kuishi.