Ngurumo na Ndoo ya Kusikia Siri

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba za udongo na kuazimana chumvi kama sisi, aliishi mbwa mmoja mjane, Bi Tambo. Alikuwa na mwana aliyeitwa Ngurumo. Umri wake ulikuwa miezi sita tu, lakini nyayo zake zilikuwa kama vinu, na akibweka, sufuria zilianguka jikoni. Kwaa! Kwaa!

Bi Tambo alimpenda sana, na alimhofia vilevile. Kaka wawili wa Ngurumo, walipobalehe tu, walinusa majike ng'ambo ya mto wakatoroka. Mmoja hakurudi. Wa pili alirudi na nusu ya sikio.

Basi akamwita Nguchiro, mganga wa kijiji. Nguchiro alikuwa mdogo mno. Hata akikaa kwenye kigoda, miguu yake haikufika chini.

"Mganga, nataka umhasi huyu leo hii. Sitaki kupoteza mwingine."

"Kumhasi!" Kiboko, jirani yao, alipitisha pua juu ya ua. "Jirani, wataka mwanao abweke kama kuku?"

"Kuku habweki, Mzee Kiboko," akasema Nguchiro. "Na sauti haikai huko unakofikiria."

Akaipapasa miguu ya Ngurumo, goti kwa goti. Kisha akatikisa kichwa.

"Simhasi leo, Bi Tambo. Angekuwa mbwa mdogo wa kubebwa kwapani, umri huu ungetosha. Lakini huyu ni jitu! Mifupa yake bado inarefuka. Tuache viungo vikomae kwanza. Tungoje atimize mwaka na miezi mitatu."

"Na akitoroka?"

"Ziba ua. Mtembeze kwa kamba. Kungoja nako ni kazi."

Bi Tambo akaziba ua kwa miiba. Miezi tisa ile, Ngurumo alikata kamba nne na kumburuta mama yake matopeni mara zisizohesabika. Lakini hakutoroka.

Siku ikafika. Ngurumo hakupewa kifungua kinywa, akanung'unika njia nzima. Nguchiro akampa dawa ya usingizi, akafanya kazi yake upesi, akashona. Ngurumo alipoamka aliyumba kama mlevi.

"Mama, mbona nyumba inazunguka?"

"Lala, mwanangu. Itasimama yenyewe."

Nguchiro akamwambia Bi Tambo, "Siku kumi na nne asikimbie, asiruke, asioge, wala asilambe mshono. Uutazame asubuhi na jioni. Ukiona umevimba, unatoa usaha, au mtoto amekataa chakula, niite mbio."

Siku ya kwanza Ngurumo alilala. Siku ya pili, hee! Pu! Juu ya benchi. Pu! Chini. Kisha akajikunja na kuanza: lamba, lamba, lamba. Kufikia jioni mshono ulikuwa mwekundu kama pilipili, na uzi mmoja umelegea.

Nguchiro alikuja mbio, akausafisha, akaukaza. Uso wake haukuwa na mzaha.

"Uzi mwingine ukikatika, jeraha litafunguka na uchafu utaingia. Bi Tambo, tunaweza kumpoteza."

Akachukua ndoo kuukuu, akakata kitako, akaizungushia kitambaa ukingoni, akamvisha Ngurumo shingoni ili ulimi usifike nyuma. Ngurumo akaibamiza kwenye mwimo wa mlango. Gong! Gong! Ndoo hiyoo, ikachomoka.

"Mwacheni!" Kiboko akanguruma kutoka uani. "Ulimi wa mbwa ni dawa! Ngurumo, kesho kutwa tukaoge mtoni. Jeraha lapenda maji."

Bi Tambo akaanza kulia. "Mganga, huyu amenishinda nguvu. Nitamzuiaje?"

"Kwa nguvu, humwezi. Mimi ndiyo kabisa!"

Nguchiro akaiokota ndoo. Akaiweka sikioni. Macho yakamtoka.

"Salale! Kumbe ni yenyewe!"

"Nini?" akauliza Ngurumo.

"Si kitu. Ni ndoo ya kusikia siri. Nitampa mbwa mwingine, mtulivu."

"Nipe mimi! Nipe!"

"Huiwezi wewe. Anayeivaa husikia yanayosemwa mbali. Lakini akikimbia, siri humwagika. Akiloa, siri huoza. Na akiivua kabla ya siku zake kwisha, inarudi kuwa ndoo tu."

Ngurumo akaingiza kichwa mwenyewe. Kweli, watoto, ndoo hukusanya sauti! Akasikia chungu kikichemka jikoni: tokotoko-tokotoko. Nguchiro naye, chwii, amekwisha zunguka nyuma ya nyumba, ananong'ona kwenye tundu la ukuta.

"Nasikia mbwa hodari kuliko wote anaitwa Ngurumo..."

"Mama! Wananisema!"

"Tulia basi, siri zisije zikamwagika."

Ngurumo akalala chini, tii. Bi Tambo akaweka bakuli lake juu ya kigoda, apate kula bila kuivua ndoo.

Kiboko akaja. "Haya, kijana, mtoni!"

"Siwezi, Mjomba. Siri zangu zitaoza." Ngurumo akaielekeza ndoo kwenye tumbo la Kiboko. Nguchiro, aliyekuwa ameona nyayo kubwa kama sinia kwenye shamba la mihogo la Bi Tambo, akanong'ona ukutani.

"Mjomba," Ngurumo akasema, "tumbo lako linasema: mihogo ya Bi Tambo, mihogo ya Bi Tambo."

Kiboko akadondosha taya. "Yarabi! Na mimi nataka hiyo ndoo!"

"Kwa kichwa chako, labda pipa," Nguchiro akasema akitokea kona. "Na masharti ni yaleyale."

Kiboko akavaa pipa lililotobolewa kitako, akaketi kivulini kando ya Ngurumo. Kiboko mzima, haogi! Bi Tambo akamtandika magunia mabichi mgongoni ili ngozi isipasuke. Tangu hapo, nani tena wa kumwita Ngurumo mtoni?

Nguchiro alinong'ona kila siku mpaka koo likakauka. Siku ya kumi siri zilimwishia, akaeleza namna ya kukanda maandazi.

"Siri nzito hii," akasema Kiboko, akitikisa pipa.

Siku ya kumi na nne Nguchiro akautazama mshono. Ngozi imefunga, kavu, safi. Akakata nyuzi, kwi, kwi, kwi, akamvua Ngurumo ndoo.

Ngurumo akakimbilia nyuma ya nyumba kutafuta wanaosema. Akakuta tundu la ukuta, na chini yake nyayo ndogo ndogo.

"Mganga! Kumbe ni wewe! Umetudanganya!"

"Nimewadanganya," akasema Nguchiro. "Mshono unauma?"

Ngurumo akajikunja, akanusa. Akanusa tena.

"Hauumi."

Akaona haya kidogo. Kisha akaruka juu ya benchi, pu! Mara hii hakuna aliyemkemea.

"Na mimi nilikuwa na jeraha gani?" Kiboko akapiga kelele ndani ya pipa. "Nivueni hili dubwana!"

Wakavuta. Halikutoka. Wakampaka mafuta ya nazi, Ngurumo akaling'ata pipa kwa meno yake yote, wakavuta tena. Hoo-haa! Hoo-haa! Pwaa! Pipa kule, Kiboko huku, na Bi Tambo chali katikati, anacheka mpaka machozi.

Basi, watoto wangu, kidonda hakiponi kwa nguvu bali kwa subira, na asiye na subira huazimwa akili na mwenziwe.