Tarumbeta Moja, Wapigaji Watatu

Haya, sogeeni. Wewe wa nyuma, zima simu au ukaongelee nje, maana nikianza sirudii. Leo sina sungura wala jini. Nina watu watatu na tarumbeta moja, na jambo lao limenikosesha usingizi mimi ambaye halinihusu. Mkinisaidia kulimaliza nitawashukuru.

Watu wenyewe ni wa bendi ya matarumbeta ya pale Buguruni. Mnawajua hao. Jumamosi wanapanda kwenye pikapu, wanamsindikiza bibi harusi ukumbini, na barabara nzima inasimama kuwatazama.

Wa kwanza ni Kalunde. Anapiga besi, lile libomba linalomzunguka mtu kama chatu. Kipaji chake ni macho. Kabla ya harusi yoyote hutangulia ukumbini peke yake, akarudi anajua mlango upi mwembamba, soketi ipi imekufa na mshereheshaji yupi anapenda chupa. Bendi haijawahi kuaibika mahali alikotangulia Kalunde.

Wa pili ni Bupe, mpiga matoazi. Mnacheka? Mnadhani ni kugonganisha sahani tu. Jaribuni siku moja. Mpiga matoazi anakaa kimya wimbo karibu wote, anahesabu mapigo, halafu anagonga mara moja, pwaa! Akiwahi kaharibu, akichelewa kaharibu. Bupe unaweza kumwuliza bei ya nyanya katikati ya hesabu, akakujibu, akakusimanga kwa kununua zilizooza, na hesabu yake iko palepale.

Wa tatu ni Tumsifu wa tromboni. Kipaji chake ni roho ngumu na uso usiosema kitu. Kuna siku alianguka kutoka kwenye pikapu mbele ya wakwe wote. Akainuka anacheza. Watu wakadhani ndiyo staili, wakamtunza noti. Mimi ningehama mji.

Na aliyewafundisha wote watatu ni Mzee Fungameza, mwenye bendi. Hakuwadai hata senti. Kalunde alimtoa kwenye kuuza karanga nje ya ukumbi, Bupe alimfundisha wakati ndugu zake wanasema mwanamke hapandi pikapu, na Tumsifu alimlisha miaka yote ya kujifunza, na Tumsifu anakula, Mungu anajua. Mzee ana tarumbeta yake, aliyopewa na mwalimu wake. Anayeishika hiyo ndiye anayeongoza bendi, na desturi yao ni kwamba haiazimwi. Inaguswa na mdomo mmoja tu mpaka mwenyewe aamue kuikabidhi.

Sasa sikilizeni balaa. Mpiga ngoma kubwa wa bendi alifariki, na kwao ni Kigoma. Mzee akasema huyu lazima alale kwao. Akaenda kwa mkopeshaji, akaweka rehani vyombo vyote vya bendi na tarumbeta yake juu, akamsafirisha marehemu na wafiwa, wakala, wakarudi. Nani atamlaumu? Lakini mkopo ulizaa, ukazaa tena, na mkopeshaji akatoa neno: Jumatatu vyombo vinakwenda kwa wanunuzi wa shaba chakavu. Wavikate, wavipime kwenye mizani, wakaviyeyushe.

Mzee aliwaita watatu hao uani kwake akawaambia. Kisha akalia. Mtu mzima, analia hadharani, anajifuta kwa shati.

"Wanangu, nisameheni," akasema. "Kesho mtu akiwauliza bendi iko wapi, semeni Fungameza aliila."

"Usiseme hivyo, Mzee," Bupe akamjibu. "Hukula kitu. Ulizika mtu."

Wakatoka mpaka barabarani. Ndipo Bupe akasema ana wazo, ila wasimcheke. Mjomba wake aliwahi kugawa karata kwenye kasino, akamfundisha mchezo wa ishirini na moja. Unacheza na mgawaji, karata zako zikikaribia ishirini na moja kumzidi yeye unakula, zikipita umekwisha. Kwa kawaida nyumba, yaani kasino, ndiyo inakula, na nyie msijidanganye. Lakini karata zikigawiwa kutoka kwenye kiboksi, zilizotoka hazirudi mpaka zichanganywe upya. Zikitoka ndogondogo nyingi, zilizobaki ni kubwa, na hapo kwa muda mfupi meza inamwelemea mgawaji.

"Mimi naweza kuhesabu," akasema. "Ndogo naongeza moja, kubwa napunguza moja. Ni kama kungojea zamu yangu ya kugonga."

"Huo si wizi?" Tumsifu akauliza.

"Wizi wa nini? Karata sizigusi, sizifichi. Natazama na kukumbuka. Ila wakikujua wanaweza kukufukuza."

Kila mmoja akauza kitu. Kalunde aliuza friji yake ya kugandishia barafu za watoto, Bupe akauza kitanda na kabati alivyoviandalia ndoa yake, Tumsifu akauza pikipiki. Wakaweka pamoja. Zile fedha zikipotea, hakuna vyombo, hakuna bendi, na hao watatu wanalala chini. Mmenielewa sasa kwa nini mimi silali?

Kalunde akatangulia, kama kawaida yake. Alivaa gauni la kanisani akaingia kasino moja baada ya nyingine mchana kweupe, anakunywa soda moja mpaka barafu inayeyuka, anatazama. Ya kwanza ilikuwa na mashine inayochanganya karata muda wote. Akatoka, maana hapo hakuna cha kuhesabu. Nyingine, mgawaji alikuwa anachanganya upya kabla kiboksi hakijafika hata nusu. Akatoka. Nyingine ilipendeza, ina mazulia na ubaridi mzuri, lakini mtu akipata ishirini na moja kwa karata mbili za mwanzo, wanamlipa kiasi kilekile alichoweka. Kalunde akasonya akatoka. Miguu ilimvimba. Mwisho akaipata hoteli moja ambako ishirini na moja ya mwanzo inalipwa mara moja na nusu, na mchana kuna mgawaji mmoja, baba mnene anayelalamika mgongo. Huyo kuchanganya karata ilikuwa adhabu kwake, basi anagawa mpaka kiboksi kinakaribia kwisha.

"Ndiyo hiyo," Kalunde akawaambia. "Nyingine zote mngeacha ngozi. Mimi sura yangu wameshaizoea, siingii tena. Nitakaa nje kwa muuza madafu."

Bupe akaingia, akakaa kwenye meza ya baba mwenye mgongo, anacheza kidogokidogo kama mama aliyekuja kuua muda. Makubaliano yalikuwa rahisi: mkoba ukiwa chini, Tumsifu akae mbali, mkoba ukipanda mapajani, aje aweke nyingi. Jirani yake mezani alikuwa mzee mwongeaji, anamhadithia habari za shamba lake la mihogo. Bupe anajibu, "Eeh, nguruwe wakaila yote? Pole sana baba," na kichwani anaongeza moja, anapunguza moja, anaongeza moja. Mgawaji akamwuliza kama anataka maji. Mzee wa mihogo akamwonyesha picha za wajukuu, Bupe akawasifu mmoja mmoja. Viboksi vikaisha vibaya, mkoba uko chini. Mkono unamuwasha kuunyanyua, hesabu haijafika, anauacha. Mwanamke yule ana subira, mimi ningeshaunyanyua zamani.

Mwishowe ukapanda. Tumsifu akaja na koti la kuazima, anacheka kwa sauti, amejifanya mfanyabiashara aliyetoka kuuza ng'ombe. Akaweka nyingi, akaliwa. Akaweka tena, akaliwa. Hesabu nzuri haimaanishi unakula kila mara, ndugu zangu, hilo ndilo linalowatoa watu roho. Akapata kidogo, akaliwa tena. Pikipiki ilikuwa imeshakwenda, na friji, na kitanda. Lililobaki lilikuwa kabati. Mtu mwingine angemtazama Bupe kwa jicho la kuuliza, na msimamizi angewashtukia papo hapo. Tumsifu hakugeuka. Alimtania mgawaji kuhusu mgongo wake, akasema akakandwe kwa maji ya chumvi.

Na hapo karata ndogo zikamiminika. Mbili, tatu, nne, tano, mezani zimejaa kama dagaa. Bupe akaona hesabu imepanda kuliko alivyowahi kuiona hata mazoezini kwa mjomba. Kwa furaha akasahau kwamba wanaongea kwa mkoba tu. Akafanya kosa ambalo angeweza kulifanya mtu wa bendi peke yake: akaanza kuimba kwa pua. Akaimba ule wimbo alioutunga Mzee Fungameza wa kumwingiza bibi harusi, na mguu unapiga chini ya meza.

Tumsifu akausikia. Katika bendi, wimbo huo ukianza hakuna kubakiza pumzi. Akasukuma mbele tokeni zote zilizobaki, zile sarafu za kasino. Zote!

Karata ya kwanza, mfalme, yaani kumi. Ya pili ikaja ree, ile yenye alama moja katikati, inayohesabiwa kumi na moja. Ishirini na moja, mkononi, kwa karata mbili.

Mgawaji akalipa mara moja na nusu. Meza ilikuwa bado inachemka, Tumsifu akaiacha yote mezani na mara tatu mfululizo mgawaji akapita ishirini na moja mwenyewe. Hapo deni la mkopeshaji lilikuwa limetimia, na vitu vyao walivyouza juu yake, basi. Kusingekuwa na ile nusu, lisingetimia.

Mkono ukamgusa Bupe begani. Msimamizi, suti nyeusi.

"Dada, huo wimbo umeutoa wapi?"

Bupe akaushusha mkoba chini. 

"Nauliza kwa sababu ulipigwa kwenye harusi yangu. Mvua ilinyesha, umeme ukakatika, ukumbi giza, mke wangu anataka kulia. Ninyi mkaendelea kupiga gizani mpaka taa za magari zikaletwa." Akamtazama Tumsifu. "Na wewe ndiye uliyeanguka kwenye pikapu."

"Ilikuwa staili," Tumsifu akasema.

Msimamizi akacheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akakunja uso wa kazi. "Mnahesabu. Nimewaona. Kutumia kichwa si kosa, lakini nyumba ina haki ya kuchagua wageni. Chukueni chenu, na hapa msirudi." Akawasindikiza mpaka mlangoni, na pale akasema kwa sauti ya chini, "Ile siku sikuwashukuru. Asanteni."

Nje, Kalunde alipowaona wanakuja alimwaga dafu lote. Walikumbatiana pale kwa muuza madafu, wanalia na kucheka, watu wanapita wanadhani kuna msiba.

Vyombo vikarudi. Mzee Fungameza alivipokea kimoja kimoja, akavifuta, kila kimoja akikiambia karibu nyumbani. Halafu akaichukua tarumbeta yake akaiweka mdomoni, ikatoka hewa tupu. Meno ya mbele yalikuwa yameshang'oka wakati wa shida ile, na bila meno midomo haishiki. Hakusikitika. Alisema Mungu amemwonyesha kuwa wakati umefika.

"Mjukuu wangu anaolewa Jumamosi ijayo," akasema. "Nataka nikae kwenye kiti kama mgeni, niisikie hii ikiongoza. Yeyote aliyeniokoa, nampa. Niambieni ni nani kati yenu."

Mimi niliyekuwa pale nikajua sasa ugomvi. Kumbe wapi!

"Mpe Bupe," Kalunde akasema. "Mimi nilitafuta meza tu. Meza bila hesabu ni ubao."

"Mpe Tumsifu," Bupe akasema. "Mimi hata makubaliano ya mkoba niliyasahau. Nikihesabu, nani anaweka? Mimi ningeacha kuweka, tungerudi na fedha ya kabati tu."

"Mpe Kalunde," Tumsifu akasema. "Nilikuwa naweka ninachoambiwa. Bila ile mara moja na nusu saa hizi tarumbeta ni nyaya. Nani aliitafuta mpaka akavimba miguu?"

Mzee akawatazama mmoja baada ya mwingine, akalia upya. "Nadaiwa shukrani tatu na mimi nina tarumbeta moja," akasema. Tarumbeta Mzee aliwafundisha wote watatu, kila mmoja angeweza kuongoza, na kila mmoja anampokeza mwenzake kama mtoto wa kubeba.

Basi harusi ya mjukuu ikafika, hawajaamua. Walipanda pikapu. Tarumbeta ililazwa kwenye kitambaa mapajani mwa Mzee, naye ameketi mbele kabisa ukumbini na suti yake. Wakapiga wimbo wa kumwingiza bibi harusi. Ukafika mahali ambapo tarumbeta huingia, na wote watatu wakanyamaza, wakaiachia nafasi yake. Bupe peke yake midomo inacheza, anahesabu ule ukimya mpaka mwisho ili wenzake wajue wapi pa kurudia. Bibi harusi akasimama katikati ya zulia akasubiri. Mzee akaishika ile tarumbeta kwa mikono miwili, amefumba macho, machozi yanamtoka na anatabasamu.

Mpaka leo wanapiga hivyo, na pengo katikati. Watu wengine wanasema wimbo umekuwa mzuri zaidi, lakini Mzee anazeeka, na anataka kuisikia kabla hajaenda.

Haya, mdomo wangu umekauka. Kalunde aliyeitafuta meza, Bupe aliyeshika hesabu, au Tumsifu aliyesukuma zote? Wewe uliyezimishwa simu, anza wewe. Ungekuwa Mzee, ungemkabidhi nani?