Kisima Chini ya Nyota ya Buluu

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale kwao, maana mwishoni nitauliza swali na sitaki kujibiwa kwa miayo.

Palikuwa na kijiji kikiitwa Mavumbini. Kisima kilikuwa kimoja tu, na chenyewe kilikuwa cha Jumbe Makata. Siku moja Jumbe akakifunga. "Asiyenipigia magoti hanywi," akasema. Watu wakapiga magoti, na siwalaumu, kiu si mchezo. Watatu wakakataa katakata.

Wa kwanza alikuwa Bi Mkejina, mwanamke mzee asiyesahau neno aliloambiwa hata mara moja. Wa pili, mpwa wake Sikudhani, binti mwenye macho makali kama ya mwewe. Wa tatu, Kibwana, mkulima ambaye hata ukimfunga kitambaa usoni atakulimia tuta lililonyooka.

"Mama aliniambia kuna kisima cha kale ng'ambo ya mbuga," alisema Bi Mkejina. "Unasimama kwenye mwamba wa chumvi, unafuata inakozama nyota kubwa ya buluu. Si ya buluu yoyote. Ile yenye wenzake wawili."

Jumbe alipopata habari akacheka sana. "Nendeni. Mtarudi mnatambaa."

"Tukirudi," akajibu Bi Mkejina, "tutakuja kukukaribisha maji."

Usiku wakasimama mwambani, wakapigwa na butwaa. Nyota za buluu zilikuwa mbili, zote kubwa, moja kushoto, moja kulia. Bi Mkejina alikuwa na maneno, lakini macho hayakumfikisha huko. Kibwana aliziona sawasawa, hazina tofauti. Sikudhani akakaza macho, kisha akanyoosha kidole.

"Ya kushoto. Ina vinyota viwili vimejibana ubavuni mwake, hafifu mno."

"Una hakika, mwanangu?"

"Shangazi, nakwambia vipo."

Wakaifuata. Hawajafika katikati ya mbuga, wingu likafunika anga lote. Hapo macho ya Sikudhani hayakuwa na kazi tena, wala kumbukumbu ya shangazi yake. Kibwana akasema, "Shikeni shuka langu kwa nyuma, ila msinivute." Akatembea kama alimaye tuta, hapindi huku wala kule, mpaka alfajiri mguu wake ukagonga ukingo wa mawe. Chini kulikuwa na maji. Walikunywa, na Sikudhani akalia kwa furaha.

Sasa sikilizeni desturi ya Mavumbini. Kisima hupewa jina la mtu mmoja aliye hai, na yeye na kizazi chake ndio wenye kauli juu ya nani anywe. Kisima kisicho na jina ni cha Jumbe.

"Tukiite jina la nyota," alisema Sikudhani.

"Nyota haitashuka kumkatalia Jumbe," Kibwana akajibu.

"Basi kiwe chako, Shangazi. Bila maneno yako tungekuwa tumepiga magoti."

"Mimi sina mtoto. Nikifa, Makata atakichukua kabla sijapoa. Kiwe chako wewe uliyeiona nyota."

"Mimi nimeposwa na mwanawe Jumbe, na baba ameshaitikia. Nitakataa, lakini sijui kama nitasikilizwa. Kiwe cha Kibwana aliyetufikisha."

Kibwana akainamisha kichwa. "Mama yangu ni dada yake Jumbe. Leo nimemkatalia mjomba. Kesho akimtuma mama aje kunililia, sijui."

Wakatazamana. Nyuma yao vumbi lilitimka mbugani. Jumbe alikuwa amefuata nyayo zao, na watu wake pamoja naye. Bi Mkejina akaketi juu ya ukingo wa kisima, akakunja mikono.

"Mimi hapa siondoki," akasema. "Semeni jina."

Basi msinitazame mimi, ninyi mlioshiba maji. Na msiniambie wote watatu, nimeshasema ni mmoja. Jumbe huyo amefika, anauliza kisima hiki ni cha nani, na kinywa kilicho karibu naye ni chako. Je, wewe ungemtaja nani?