Hati ya Kufungua Pua

Hapo zamani, watu walipodhani muhuri wa mfalme waweza kuamrisha hata mafua, palikuwa na fukara mjini Kirunga, jina lake Machano, kazi yake kufunga fagio za chelewa. Mkewe, Bi Mize, pua zilimziba miaka na miaka, hata usingizi ukamkimbia. Basi siku moja Machano akakata kijiti cha chelewa, akakilaza juu ya kitambaa, akapaka ulimbo wa fenesi, ule wa kunasia ndege, akambandika mkewe juu ya pua. Kijiti kikikunjwa hutaka kunyooka. Kikazivuta pua, zikafunguka. Bi Mize akavuta pumzi akalia kwa furaha.

Bwana Jaafari, tajiri wa manukato, akasikia. Akanunua kibandiko kimoja kwa Machano, akampelekea Sultani, akaapa kwamba amekibuni yeye. Tajiri na haya wapi na wapi! Sultani, ambaye kwa kukoroma kwake mkewe alikwisha kuhama chumba, akampa hati: "Kila kinachofungua pua ni cha Jaafari. Mwingine akifungua pua, ni mwizi."

Ikawa Machano kushitakiwa.

"Maulana," akasema, "bila kibandiko, mke wangu atapumuaje?"

"Hayo si yangu," akasema Sultani. "Kesho kabla ya adhuhuri niletee wezi wote wa kufungua pua, asibaki hata mmoja, nami nitakusamehe. La sivyo, utahama mji wewe na mkeo."

Kesho yake Machano akaingia barazani na kundi la watu: muuza vitunguu, mpishi aliyejitwika chungu cha mchuzi wa pilipili manga, na mama mwenye mtoto mchanga.

"Huyu mama ndiye sugu, maulana," akasema Machano. " Humfyonza mwanawe kamasi kwa mdomo, wala hamwombi Bwana Jaafari ruhusa!"

"Ala!" akafoka mama. "Mwanangu azibwe pumzi, mimi nikabishe hodi kwa tajiri?"

Baraza likaanza kucheka chini chini. Sultani akauliza, "Ndio wote hawa?"

"Bado mmoja." Machano akakifunua kile chungu. Mvuke ukapanda, Sultani akapiga chafya, akapiga ya pili, na ya tatu ikamwangusha kilemba.

"Maulana, mwizi wa mwisho ni pua yako. Imefunguka mbele ya mashahidi. Je, ihame mji peke yake, ama na mwenyewe?"

Mara Sultani akaangua kicheko hata machozi yakamtoka. "Kweli mkuki kwa nguruwe mtamu! Jaafari, lete hati yako."

Jaafari akaitoa. Sultani akaipokea, akapenga kamasi ndani yake, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Haya, chukua mali yako. Nawe Machano, nenda kafanye vibandiko umfungue pua umtakaye. Ila uanze na changu, Bibi apate kurudi chumbani."