Ngiri na Mvuke wa Kivumbasi

Nianze?
Anza!
Nipunguze?
Usipunguze!

Alikuwepo Sange. Sange si panya, ingawa wengi humwita hivyo bila kuitazama pua yake ndefu. Mwanawe alikuwa anakohoa, kho! kho! Siku ya tatu hiyo hajala kitu. Na watoto wa mashimo ya jirani nao, kho! kho!

Dawa ilikuwa kivumbasi, na kichaka kilikuwa kimoja tu. Ngiri alikwisha kukipukutisha majani yote, akayashindilia chunguni, akatia maji, akafunika, akabandika motoni.

"Shikamoo, Mzee Ngiri. Naomba majani mawili. Mwanangu anakohoa."

"Marahaba. Mwambie akohoe polepole. Mimi mwenyewe nimepiga chafya mara mbili, na pua zimeziba. Majani yangu, maji yangu, chungu changu!"

Sange akaokota jani moja lililodondoka, akaligeuza juani. Akaona vinyweleo, na katikati yake vifuko vidogo mno, vya mviringo, vimejaa mafuta. Akavisugua kidogo. Ikatoka harufu kali, kama ya karafuu. Kumbe dawa imekaa juu juu, inangoja moto tu ipae na mvuke! Na upepo ulikuwa unatoka kwa Ngiri kwenda mashimoni.

"Lakini mzee, mbona umefunika? Tazama, kifuniko kinatoka jasho, linadondokea ndani. Unaizimua dawa yako! Kwa mnyonge si neno. Lakini wewe, na meno hayo?"

Ngiri akakitupa kifuniko. Toko-toko-toko! Mvuke fyuuu, ukashuka mashimoni.

"Bado?"

"Bado, mzee. Maji ni mengi."

Toko-toko-toko! Fyuuu! Mashimoni ikasikika kho! moja tu.

"Bado?"

"Bado kidogo, mzee."

Toko-toko-toko! Fyuuu! Mashimoni kimya. Sange akasimamisha masikio. Kisha sauti ndogo ikaita: "Mama, kuna chakula?"

"Sasa imeiva, mzee!" akasema Sange, akatimua mbio kwenda kwake.

Ngiri akanywa yale maji ya kijani hadi tone la mwisho, akakunja uso. "Hii ndiyo dawa! Nimeimaliza peke yangu!"

Mvua iliponyesha, kivumbasi kikachipua tena.

Yangu yamekoma hapo. Aliyesinzia amuulize mwenzake. Na funzo lake, watoto, ni hili: mchoyo alibaki na maji, dawa ikawaendea majirani zake.