Albamu Iliyoanza na Chemko

Nimetumiwa hii na shemeji yangu wa Muheza, nikaona kukaa nayo peke yangu ni uchoyo. Pokeeni.

Palikuwa na bendi ya dansi iliyoongozwa na mpiga gitaa, Mzee Shekalaghe. Albamu zake za mwanzo zilimpa jina. Uzeeni akatoa nyingine, wimbo mmoja mrefu mwanzo hadi mwisho, na hiyo ndiyo iliyomletea balaa.

Mnajua muziki wetu wa dansi ulivyo. Kwanza kunaimbwa taratibu, mwishoni linakuja chemko, ile sehemu ya kasi, watu wanajimwaga ukumbini, wimbo unaisha. Yeye akaanza na chemko! Sehemu ya kuimba akaiweka nyuma, ndefu, midundo ikibadilika njiani.

Basi redioni watangazaji wakawa wanaukata wimbo chemko linapoisha. Ukumbini watu walipiga makofi na kurudi vitini kuagiza soda, huku bendi bado inapiga. Halafu haohao wakatangaza mji mzima kwamba mzee amekwisha. Mambo haya yananichefua, sifichi.

Mhando, mwenye ukumbi pekee ambao bendi ilipigia, akamwita.

"Mzee wangu, Jumapili piga za zamani. Usipopiga, ukumbi nampa mwingine."

"Hii mpya umeisikiliza?"

"Nimeisikiliza. Chemko, halafu basi."

"Basi hujaisikiliza."

Jumapili mchana mzee akapiga ile mpya. Chemko lilipoisha tu, Mhando akazima umeme kwa hasira. Gitaa likafa, spika kimya. Watu wakabaki wamesimama, wanatazamana, hakuna aliyekwenda kukaa.

Mzee akaweka gitaa chini, akaimba kwa sauti yake tupu. Tumba zikamfuata, saksafoni ikaingia. Watu wakasogea karibu ili wasikie. Bi Mbelwa, aliyecheza ukumbini hapo miaka yote, akashika kichwa.

"Jamani! Kumbe wimbo ulikuwa haujaisha?"

Walipomaliza, makofi hayakukatika. Mhando akaja mbio, anachekacheka.

"Mzee, ukumbi ni wako. Ila hilo chemko tulipeleke mwishoni, kama watu walivyozoea."

"Sihamishi kitu."

"Nitakunyima ukumbi!"

"Ninyime," akasema mzee, akianza kukunja nyaya zake. "Wimbo nitaondoka nao mzima."

Bi Mbelwa akainama, akamshikia spika upande wa pili, wakatoka.

Funzo: Usimwambie mtu amekwisha wakati wewe ndiye uliyeondoka mapema. Na wewe unayeijua kazi yako, usiikate ili ienee kwenye subira fupi ya wengine.